SOMO LA MWEZI: Biskuti za nyumbani, unga wa kuchagua na vitu vya kuumulia

Mwezi huu hatuzungumzi juu ya malaria wala chandarua. Tunazungumza juu ya biskuti. Msicheke, nitawaeleza kwa nini somo hili limeingia katika jarida la afya.

Mwaka jana mama mmoja jirani yetu, ambaye anaoka biskuti na kuwauzia watoto wanapotoka shule, alikwenda sokoni kununua bikaboneti. Muuzaji alikuwa na vinailoni vidogo vya namna mbili ndani ya sanduku moja, vyote vyeupe, vyote bila jina. Akampa kimoja. Jioni mama alipokifungua aliona chembe zake ni kubwa kidogo kuliko za siku zote, akalowesha ncha ya kidole, akaonja. Ulimi uliungua papo hapo. Ile haikuwa bikaboneti, ilikuwa soda kostiki, ile ambayo vikundi vyetu vinatumia kutengenezea sabuni. Alisuuza mdomo kwa maji mengi, akaja kituo cha afya, na baada ya siku chache alipona. Lakini siku ile unga ulikuwa umekwisha kupimwa, sukari imekwisha kuchanganywa, na mtoto wake wa miaka minne alikuwa ameketi pembeni akingoja kulamba bakuli.

Tangu siku hiyo, ninapopita nyumba kwa nyumba kama VHT, ninauliza: je, mama, unaumulia nini? Unga unautoa wapi? Majibu niliyoyapata ndiyo yaliyonifanya niandike somo hili. Mama zangu mtanisamehe, najua wengi wenu mlikuwa mnaoka kabla mimi sijazaliwa. Mimi nimesoma kemia mpaka kidato cha nne tu, lakini jambo hili kemia ya kidato cha nne inalitosha.

TUANZE NA UNGA WA NGANO

Watu wengi wanadhani unga wa ngano ni mmoja, tofauti ni bei tu. Sivyo. Ndani ya ngano kuna protini ambayo ikikutana na maji, na ukiikanda, inakuwa mnato unaovutika kama mpira. Mnato huo unaitwa gluteni. Ndio unaoshika hewa ndani ya mkate na kuufanya usimame. Kwa mkate ni rafiki, kwa biskuti ni adui. Biskuti inatakiwa ivunjike kwa urahisi mdomoni. Ikiwa na gluteni nyingi inakuwa ngumu kama kigae, na bibi asiye na meno atakurudishia.

Ngano ngumu hutoa unga wa mkate, wenye protini karibu gramu 12 katika kila gramu 100. Ngano laini hutoa unga wa keki na biskuti, wenye gramu 8 au 9 hivi. Katikati upo unga wa matumizi yote, na huu ndio unaopatikana zaidi madukani kwetu. Kwenye pakiti nyingi kuna kijisanduku cha maandishi madogo kinachoonyesha kiasi cha protini. Kisome. Kama maandishi ni ya Kiingereza tafuta neno linalofanana na «protini», kisha tazama namba iliyo mbele yake.

Kama unga umepimwa kutoka gunia na hauna maandishi, kuna njia mbili za kuujua. Ya kwanza: chukua konzi moja, ukaze mkono, kisha fungua. Unga laini hubaki umeshikana kwa umbo la vidole vyako, unga wa mkate hutawanyika. Ya pili ni ya uhakika zaidi, na watoto wa shule wataipenda. Kanda tonge dogo la unga na maji, liache dakika 20, kisha lioshe polepole ndani ya bakuli la maji huku unalibonyezabonyeza. Wanga utatoka na maji yatakuwa meupe kama maziwa. Kinachobaki mkononi ni gluteni yenyewe. Fanya hivyo kwa unga wa namna mbili, tonge zenye ukubwa sawa, utaona lipi limeacha mpira mkubwa.

Na kama unga uliopo ni wa mkate tu? Usiutupe. Toa sehemu moja kati ya tano, mahali pake utie unga wa muhogo uliochekechwa vizuri. Muhogo hauna gluteni hata kidogo, kwa hiyo unapunguza nguvu ya ule mwingine. Tena sugua mafuta ndani ya unga mkavu kwanza, mpaka ufanane na chenga, ndipo utie maziwa au maji. Mafuta hufunika chembe za unga na kuzuia maji yasiuamshe ule mnato. Baada ya hapo changanya tu mpaka ushikane. Usikande! Wengi wetu tumezoea kukanda chapati kwa nguvu zote na tunafanya hivyo hivyo kwa biskuti, halafu tunalaumu dukani.

Lipo jambo jingine la kutazama kwenye pakiti. Kanuni za Uganda za mwaka 2011 zinavitaka viwanda vikubwa kuongeza virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi, yakiwamo madini ya chuma na asidi ya foliki. Chuma husaidia kujenga damu. Asidi ya foliki ni muhimu sana kwa mwanamke katika wiki za kwanza kabisa za mimba, mara nyingi kabla hajajua kwamba ana mimba, kwa sababu inapunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo ukikuta pakiti mbili za bei moja, moja imeandikwa kwamba imeongezwa virutubishi na nyingine haina neno, chukua ile iliyoandikwa. Lakini mama mjamzito asidhani biskuti zinachukua nafasi ya vidonge vya kliniki. Vidonge vinaendelea kama kawaida.

Unga wa ngano usiokobolewa, ule wa rangi ya kahawia, una nyuzinyuzi na vitamini zaidi. Biskuti zake ni nzito kidogo lakini zinashibisha. Ubaya wake ni kwamba kiini cha ngano kina mafuta, na mafuta hayo huchacha. Nunua kidogo kidogo, umalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Unga mweupe ukiwa mkavu na umefunikwa hukaa miezi sita au zaidi.

UNGA WA KUCHANGANYA

Ngano ni ghali, na biskuti ni chakula kinachokubali mchanganyiko kuliko mkate. Robo ya unga inaweza kuwa mahindi, mtama, muhogo, soya au karanga za kusaga, na mteja asijue. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, kwa sababu kila unga una ugonjwa wake.

Mahindi na karanga vina hatari ya sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na aina fulani ya kuvu, hasa mazao yakivunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki ya Kenya, kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 kati yao walifariki. Wale walikula kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Kiasi kidogo cha kila siku hakimwangushi mtu leo, lakini kinaharibu ini polepole na kinaweza kuleta saratani ya ini, zaidi kwa mtu mwenye homa ya ini ya B. Sasa sikilizeni: MOTO WA KUOKA HAUIONDOI SUMUKUVU. Kuchekecha hakuiondoi. Kuanika upya juani hakuiondoi. Mtu akikuambia «unga umepata ukungu kidogo, tuokee biskuti, sukari itaficha ladha», ujue kilichofichwa ni ladha tu, sumu iko palepale. Kwa karanga, chambua kabla ya kusaga, ondoa zote zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zilizotoboka na zenye uchungu. Usinunue karanga zilizokwisha kusagwa kama humjui aliyezisaga, maana huwezi kuona alichotia.

Muhogo mchungu una sumu ya namna nyingine, sianidi. Wale tuliotoka Kongo tunalijua neno «konzo», ugonjwa wa kupooza miguu ghafla na usiopona, ambao umewapata watoto na wanawake wengi katika maeneo ya Kwango ambako watu walikula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, na chakula kingine hakikuwapo. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha uanikwe mpaka ukauke kabisa. Njia ya mkato ya kulowesha siku moja ndiyo inayoleta balaa. Kama unanunua unga wa muhogo na humwamini muuzaji, tumia ule uliojisagia mwenyewe. Katika biskuti muhogo ni sehemu ndogo, hatari yake si kama ya kula ugali wake kila siku, lakini mtoto hali biskuti peke yake.

Soya ni nzuri sana kwa protini, ila haifai kusagwa mbichi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kuyeyusha protini, na dakika 15 za kuoka biskuti hazitoshi kuviondoa. Ichemshe au ikaange kwanza mpaka inukie, kisha usage.

Na ule unga wa uji wa lishe wanaopewa watoto na mama kliniki? Hili ni swali zito na sitalipita pembeni. Nimeona biskuti zilizookwa kwa unga ule, nami nimewahi kula bila kujua. Ni tamu, siwezi kusema uongo. Najua pia kwamba nyumba yenye watu saba na mgao uliopunguzwa haina raha ya kuchagua, na mama anayeuza biskuti hizo anatafuta sabuni na daftari la mtoto. Lakini kiasi kile kimepimwa kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekonda, kwa siku zilizohesabiwa. Ukikioka, wanakila watoto ishirini wa kijiji, kila mmoja kipande, na yule aliyekonda anapata kipande kimoja kama wenzake. Wiki inayofuata kipimo cha mkono wake kinarudi kwenye rangi nyekundu, nasi tunaulizana kwa nini. Kama hali nyumbani imefikia hapo, mwambie VHT wako. Hatuji kukunyang'anya kadi.

VITU VYA KUUMULIA

Biskuti huumuka kwa sababu hewa imezaliwa ndani yake na moto ukaipanua. Kuna njia kadhaa za kuizaa hewa hiyo.

Hamira, ambayo wengi wetu tunaiita levire, ni kiumbe hai. Inakula sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksaidi. Inahitaji uvuguvugu na muda, saa moja au zaidi. Ni ya mikate na maandazi. Kwa biskuti tamu haifai, kwa sababu tunataka unga usikae na usivutike. Sitaisema zaidi.

Bikaboneti ya soda ni ya namna nyingine. Ni chumvi ya kemikali, nyeupe na laini kama poda. Yenyewe peke yake haina haraka. Inahitaji asidi ili itoe hewa: maji ya ndimu, maziwa yaliyoganda, ukwaju au siki. Zikikutana zinachemka hapo hapo, kwa hiyo ukishachanganya usiondoke kwenda kisimani. Oka mara moja.

Makosa yanayofanywa na bikaboneti ni mawili. La kwanza ni kuitumia bila asidi. Hapo sehemu yake inabaki ndani ya biskuti, nayo inaleta ladha ya sabuni, madoa ya kahawia na rangi ya njano. La pili ni kuzidisha, kwa kuamini kwamba ikiwa nyingi biskuti itakuwa kubwa. Biskuti inapanda haraka, halafu inaanguka na kutanda kama chapati. Tena bikaboneti ikizidi inaharibu vitamini B1 iliyo katika unga, vitamini ambayo sisi wenye chakula cha aina chache hatuna ya kuchezea.

Bekingi pauda ni bikaboneti ambayo tayari imechanganywa na asidi kavu na wanga kidogo wa kuzuia unyevu. Ndiyo sababu haihitaji ndimu. Aina nyingi hufanya kazi mara mbili, kidogo inapolowa na zaidi inapopata moto, kwa hiyo anayeanza kujifunza atumie hii. Inasamehe makosa. Adui wake ni unyevu. Pakiti ikifunguliwa na kuachwa wazi wakati wa mvua, asidi na soda vinakutana mle mle na nguvu inakwisha kabla hujaoka. Kujua kama bado ni nzima, tia kijiko kimoja cha chai katika nusu kikombe cha maji ya moto. Ikitoa povu kwa kishindo, tumia. Ikileta mapovu mawili matatu ya uvivu, ni kutupa. Bikaboneti unaipima kwa matone ya ndimu badala ya maji ya moto. Majaribio haya ni kwa pauda iliyotoka katika pakiti yenye jina tu. Pauda usiyoijua USIIPIME KABISA, sababu zinafuata.

Na unga ule unaojiumua wenyewe, uliokwisha kutiwa bekingi pauda kiwandani? Ni mzuri, ila usiongeze kitu kingine cha kuumulia juu yake. Tazama pia tarehe, maana ukikaa sana nguvu inakwisha ingawa unga wenyewe haujaharibika.

Kwa vipimo: kwa unga wa gramu 500, yaani karibu vikombe vinne vya robo lita, tia vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, vilivyosawazishwa kwa kisu, si vya mlima. Kama una bikaboneti tu, tia nusu kijiko cha chai pamoja na kijiko kimoja cha mezani cha maji ya ndimu. Vipimo hivi viwili vinakaribiana nguvu. Sukari robo tatu ya kikombe inatosha, mafuta ya kuganda gramu 150, mayai mawili, chumvi kiasi cha kubana kwa vidole. Pauda ichekechwe pamoja na unga mara mbili, la sivyo mtoto mmoja atauma donge zima na biskuti za wenzake hazitaumuka.

TAHADHARI: SODA KOSTIKI

Neno «soda» limetuponza. Kuna soda ya kunywa, soda ya kuokea, na soda ya sabuni. Majina yanafanana, rangi ya hizi mbili za mwisho ni moja, na kwenye kinailoni hazina alama. Soda kostiki huja kama vipande vyembamba au chembe kama za chumvi ya mawe, na ikiachwa wazi inavuta unyevu na kulowana. Ikivunjikavunjika inafanana sana na pauda nyingine yoyote. Ikigusa maji inapata joto kali na inaweza kuruka usoni. Ikimezwa inaunguza mdomo na koo, na kovu linalobaki linaweza kuziba njia ya chakula. Mtoto aliyemeza leo anaweza kuonekana hajambo kesho, na baada ya wiki chache akashindwa kumeza hata uji.

Kwa hiyo usinunue kitu cha kuumulia ambacho hakiko katika pakiti yake yenye jina. Najua pakiti nzima ni ghali kwa mtu anayeoka mara moja kwa wiki. Basi nunueni kwa pamoja, majirani watatu au wanne, mgawane nyumbani mbele ya macho yenu, na kila mmoja aandike jina kwenye kopo lake. Usionje poda usiyoijua, hata kwa ncha ya ulimi. Na ninyi ndugu zetu wa sabuni, kostiki ikae katika chombo chenye mfuniko wa kuzungusha, kimeandikwa na kuchorwa alama ya hatari kwa wasiojua kusoma, juu, mbali na jiko. Isitiwe kamwe katika chupa ya soda ya kunywa wala kopo la maziwa. Wauzaji, msiiweke meza moja na vyakula. Hili halihitaji mradi wala semina.

Ikitokea mtu amemeza: msuuze mdomo kwa maji na ateme. USIMTAPISHE, kwa sababu ikipanda tena itaunguza mara ya pili. Usimpe ndimu wala siki kwa kudhani asidi itaiua, joto litakalotokea litaongeza jeraha. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama halii, nawe uchukue kinailoni au kopo lenyewe waone. Ikimwagikia ngozi au jicho, vua nguo iliyolowa na mwagia maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha mwende kituoni.

KUHUSU MOTO

Hatuna oveni, lakini sufuria kubwa inatosha. Tandaza mchanga mkavu chini, kina cha vidole viwili, weka vijiwe vitatu, na juu yake sahani ya bati yenye biskuti. Funika kwa mfuniko wa bati, weka makaa machache juu yake. Moto wa chini uwe mdogo. Pasha sufuria dakika 15 kabla ya kuweka biskuti, maana zikingoja joto mafuta yanayeyuka na zinatanda. Kupima joto, nyunyiza unga kidogo juu ya bati: ukigeuka dhahabu polepole, weka biskuti, ukigeuka mweusi papo hapo, punguza makaa. Dakika 12 hadi 15 zinatosha. Zikitoka bado laini kidogo katikati usirudishe, zitakauka zikipoa.

Sigiri isiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama mvua inanyesha, kwa sababu makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Na isikae karibu na turubai. Nyumba inaungua kwa muda mfupi kuliko biskuti kuiva.

MASWALI MLIYOTUULIZA

Je, watoto wanaweza kulamba bakuli la unga mbichi? Hapana, na samahani kwa watoto. Unga wa ngano haujapikwa kiwandani, unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na mayai mabichi vilevile. Wangoje biskuti.

Wadudu wakiingia katika unga, ni lazima kuutupa? Ukikuta fukusi wachache na unga hauna harufu, chekecha, anika, utumie mapema. Ukikuta utando, madonge yenye rangi ya kijani au nyeusi, au harufu ya uvundo, tupa, na usiwape kuku.

Mtoto wa miezi minane anaweza kupewa biskuti? Kipande kilicholoweshwa kwa maziwa hakimdhuru, lakini kisiwe badala ya uji na kunyonya. Aliye chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu.

Mzee wangu ana presha, daktari amemkataza chumvi. Biskuti anaruhusiwa? Tuliulizwa hili na binti mmoja ambaye alikuwa ameacha kabisa kutia chumvi katika mboga za baba yake, lakini kila jioni anamchanganyia bikaboneti katika maji kwa ajili ya kiungulia. Bikaboneti ina sodiamu ile ile iliyo katika chumvi. Kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya miligramu 1,200, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku nzima. Biskuti mbili zilizookwa kwa vipimo vya hapo juu zina kiasi kidogo, anaweza kula. Ile glasi ya jioni ndiyo aiache, na aje kliniki kiungulia chake kitazamwe.